Kamati ya Kusindikiza Meli

Boti la Mafia likishaondoka gatini Nyamisati, kila mtu hushika njia yake. Wenye safari wameshasafiri, waliowasindikiza wanarudi makwao, makuli wanatafuta kivuli. Hubaki watu watatu kwenye benchi la ubao, hawana msafiri wala mzigo, wamelikodolea boti macho mpaka utadhani limewadhulumu. Hao ndio Kamati ya Kusindikiza Meli. Jina walipachikwa na muuza mihogo mmoja kwa kuwakejeli, wenyewe walipolisikia wakalipenda, na sasa ukiwatania nalo wanaitika.

Mwenyekiti wao, ambaye hakuna aliyemchagua, ni Mwanawetu binti Badru, mchuuzi wa kamba wa baharini. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Wa pili ni Sadallah, muuza vipuri vya pikipiki kutoka Bungu. Yeye hufunga duka akimwambia mkewe anakwenda kuswali, kisha huyo, anapiga pikipiki mpaka Nyamisati, na mkewe ameshachoka kuuliza ni swala gani hiyo inayomrudisha na matope ya delta kwenye suruali. Wa tatu ni Tahiri wa Maparoni, ambaye ujanani alikuwa fundi mashine kwenye meli za mizigo za pwani, na sasa ana boti lake la faiba la kubebea magunia ya mpunga. Mashine zilimharibu masikio, kwa hiyo siri zake zote anazisema kwa kupiga kelele.

Kamati ina sheria moja. Boti linapong'oka gatini, mwenye zamu anaanza kusimulia habari ya meli yoyote iliyowahi kuelea duniani, na lazima afike mwisho kabla boti halijapotea nyuma ya mikoko. Likipotea naye bado yu katikati, ananunua kahawa na kashata za watu wote. Wasioelewa huona ni mchezo wa watoto. Wenyewe wameshanuniana wiki nzima kwa ajili ya mlingoti mmoja, kwamba ulionekana au haukuonekana.

Anayenunua kahawa kuliko wote ni Tahiri, kwa sababu hadithi yake ni ile ile moja, ya manowari ya Mjerumani iliyokuja kujificha kwenye mito yetu wakati wa vita vya kwanza. Huianza vizuri sana. Waingereza wanaitafuta hawaioni, mikoko imeifunika. Wanaleta ndege, kitu ambacho wazee wa Maparoni hawakuwa wamekiona angani tangu kuzaliwa. Wanaleta meli fupi zenye matumbo bapa za kupita kwenye maji haba. Mizinga inaanza kulia. Hapo sasa Tahiri hunogewa, akaanza kuiga mizinga yenyewe kwa mdomo, mmoja mmoja, wa Mwingereza kivyake na wa Mjerumani kivyake, na boti la Mafia halina muda wa kumsubiri. Tangu Kamati ianze, ile manowari haijazama hata siku moja.

Sadallah yeye ni mtu wa simu. Ana programu inayoonyesha meli zote baharini, vialama vidogo vinavyotambaa kwenye ramani, na ukimwacha atakutajia kila kimoja kinakotoka na kinakokwenda. Lakini hadithi yake tamu ni ya meli ya Kigoma, ile iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani ikaungwa kando ya Ziwa Tanganyika. Wenyewe waliizamisha ili adui asiichukue, na kabla ya kuizamisha wakazipaka injini zake grisi. Miaka ikapita, ikaibuliwa, ikawashwa, ikabeba watu. Mwanawetu alikuwa akiipenda hadithi hiyo kuliko zote, ingawa Sadallah aliwahi kuisimulia mpaka wenzake wakamwomba ampishe Mjerumani wa Tahiri.

Na Mwanawetu? Huyo alizijua meli za watu kwa majina, rangi za mabomba na sauti za honi. Alijua ipi ilijengwa wapi, ipi iliuzwa, ipi ilibadilishwa jina ikadhani imejificha. Wenzake walidhani ni mapenzi kama yao tu. Hawakumjua.

Baba yake, Badru, alikuwa mtu wa Mohoro, wa ukoo wa biashara, mwenye duka la vitambaa. Siku moja, Mwanawetu akiwa bado anabebwa mgongoni akichoka, baba huyo alisema anakwenda Dar es Salaam kununua bati za nyumba. Bati hazikuja, naye hakuja. Baadaye mtu wa mjini akaleta habari kwamba alimwona bandarini akipanda meli ya mizigo ya kigeni, ameajiriwa ubaharia, anacheka. Habari ikaishia hapo hapo. Hakufa, maana hakuna aliyeona maiti. Hakuacha, maana hakutoa talaka. Mama yake Mwanawetu hakukaa eda wala hakuolewa tena. Kila aliyekuja kumposa aliambiwa mwenye mke yupo. Alizeeka hivyo, akafariki akiwa bado mke wa mtu.

Ndipo Mwanawetu alipoanza kuuliza meli. Kila baharia aliyepita alimkamata: meli yako yaitwaje, yatoka wapi, wenzako ni nani humo. Alikuwa akimtafuta mtu mmoja, majibu yakawa yanaleta meli nyingine na nyingine tena. Jambo ukilichunguza miaka yote hiyo kwa hasira, mwisho unalipenda bila kujijua. Alizipenda meli kwelikweli, sharti moja tu: yeye awe nchi kavu.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwanawe wa pekee akaja kumwambia amepata kazi melini.

Warda alikuwa amesomea mambo ya hoteli Dar es Salaam, akafanya kazi huko miaka michache. Alikuja nyumbani Idi, akavua baibui, akakaa jikoni kumsaidia mama yake kumenya kamba, na akamenya beseni zima kabla hajatoa neno.

"Mama, nimepata meli. Ya watalii. Natandika vyumba, nahudumia wageni. Mkataba miezi tisa, halafu narudi likizo."

Mwanawetu aliendelea kumenya.

"Meli gani?"

Warda akaitaja. Ilikuwa na jina la Kifaransa, refu, ambalo mama yake alikataa kulitamka siku ile na hajalitamka mpaka leo.

"Ni nzuri, Mama. We mwenyewe ungeiona ungeipenda. Si kubwa sana, inaingia mpaka Kilwa."

"Najua kama inaingia Kilwa. Nimeanza leo mimi kujua meli?"

"Basi nipe radhi zako."

"Nenda."

"Nenda si radhi, Mama."

"Nimekuzuia? Nimesema nenda."

Warda alimtazama sana. Alijua babu yake alikwenda wapi, ila katika nyumba ile jambo hilo halikuwa likisemwa, lilikuwa likizungukwa kama shimo la njiani. Akanawa mikono. Kesho yake akapanda gari la Dar es Salaam na ile "nenda" yake peke yake, na kwa watoto wetu wa huku huo si mzigo wa kusafiria. Anayekwenda mbali bila radhi za mama, hata chakula kikimsakama koo hujua sababu.

Habari haikukaa. Sadallah aliposikia nusura aanguke benchini kwa furaha.

"Bi Mwanawetu! Mtoto wetu kapata meli, na wewe umenyamaza kama umefiwa?"

Akaitoa simu, akapekua, akaipata. Meli ya Warda ingeondoka Dar es Salaam alfajiri ya Jumamosi, kushuka Kilwa kupeleka wageni wakaone magofu, na njia yake ilikuwa katikati ya Mafia na delta. Ingepita mbele yetu hapa. Tahiri akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka kituo cha bodaboda, kwamba analo boti, na kwamba maji yakipwa lipo fungu la mchanga huko nje linaloibuka, pa kukaa kabisa na birika la chai. Wote wawili wakamgeukia mwenyekiti.

Mwanawetu akakubali, tena haraka, jambo ambalo lingewashangaza kama wangekuwa watu wa kushangaa. Alikuwa ameshapiga hesabu yake. Angekwenda funguni, meli ingepita kwa mbali, naye angetamka radhi kuielekea. Neno la mama halihitaji mtandao, lingemfikia mwenyewe huko huko. Werevu wa aina hiyo naujua. Ni kutoa kitu wakati hakiwezi tena kukataliwa, na mahali ambapo aliyepewa hakuoni uso.

Jumamosi wakatoka na maji. Tahiri kwenye mashine, Sadallah mbele na simu yake ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, Mwanawetu katikati na kikapu cha vitumbua. Mikoko ikawapita pande zote mbili, kisha ikaisha, bahari ikafunguka. Fungu lilikuwa limeshatoka, jeupe, limejaa kaa wadogo. Walishuka, wakatandika turubai, wakamimina chai, na Tahiri akaonya kwamba maji yakianza kurudi hatamsubiri mtu, mwenyekiti wala katibu.

Simu ya Sadallah iligoma. Huko nje intaneti haifiki, ramani ikaganda pale pale ilipokuwa walipotoka Nyamisati. Yeye akasema haina neno, meli ya watalii haijifichi, ni nyeupe, ndefu kwenda juu, hata kipofu ataiona.

Na kweli, jua lilipopanda ikaonekana meli nyeupe.

"Hiyooo!" Sadallah akaruka.

Mwanawetu akakinga macho. Ilikuwa nyeupe kweli, ina ghorofa, ila kulikuwa na kitu mbele yake, kama meza kubwa imeinuliwa juu.

"Lile jukwaa la nini?"

"La wageni," akasema Sadallah bila kusita. "Wanachezea muziki jioni. Meli za kisasa zote zinalo."

"Na ile winchi?"

"Ya kushushia viboti vyao, wakitaka kwenda ufukweni," akadakia Tahiri. "Mimi winchi nazijua, nimezilisha mafuta miaka."

Wangekuwa watu wa kawaida, wasiojua kitu, wangesema hatuna hakika, tungoje. Lakini hawa ni Kamati. Kila kasoro waliipatia sababu, na kila sababu ilikuwa na mfano wake kutoka meli fulani ya mwaka fulani, mpaka ile meli ikawa ya Warda kuliko ilivyokuwa ya mwenyewe. Sadallah akaanza kupunga shati. Tahiri akapunga turubai, chai ikamwagika.

Mwanawetu akavua khanga ya kichwani akabaki na mtandio, akaingia majini mpaka vifundoni. Alikuwa amejiandaa kusema maneno mawili tu. Akafungua mdomo, yakatoka mengine.

"Baba Badru!" akaita. "Ulikwenda hukuniaga! Mama alikungoja mpaka kaingia kaburini, na mimi nimekutafuta kwa kila meli, kila meli, na sikukupata! Nimechoka, baba. Huyu ni mwanangu. Nimempa radhi. Warda, radhi zangu unazo, za dunia na akhera, nenda mama, nenda urudi!"

Alilia kwa sauti, wala hakujifunika uso. Sadallah alishusha shati. Alikuwa amekaa na mwanamke huyu benchi moja miaka na miaka, wakibishana mabomba na honi, na hakuwahi kumwuliza alianzia wapi kuzijua. Alijiona mjinga. Tahiri, ambaye safari hii alikuwa amesikia kila neno, alitazama mchanga. Meli ilikwenda zake kusini taratibu, nao wakaisindikiza kwa macho mpaka ikafifia.

Mwanawetu alirudi akaketi, amechoka, mwepesi. Alikuwa anafuta kamasi kwa ncha ya khanga simu yake ya kitochi ilipolia kikapuni. Simu hizi ndogo zina miujiza, ile ya Sadallah imekufa, hii imedaka mnara wa Mafia.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Warda. "Uko wapi, mbona upepo?"

"Tuko funguni, mwanangu! Tumekuona! Tumekupungia mpaka mikono inauma! Umetuona?"

"Mmeniona wapi?"

"Si umepita hapa sasa hivi!"

"Mama, mimi bado niko Dar. Hatujaondoka. Kuna wageni ndege yao ilichelewa, tumewangoja toka alfajiri, sasa ndio wanapanda."

Mwanawetu aliitoa simu sikioni akawatazama wenzake. Sadallah alitazama kule meli ilikopotelea.

"Basi ile ni nini?" akanong'ona.

"Ya watu wa gesi," akasema Tahiri. "Lile jukwaa ni la helikopta. Mimi nilijua."

"Ulijua na hukusema?"

"Nilisema moyoni."

Mwanawetu hakujua kama alie au amtie Tahiri majini. Kicheko kikamponyoka, kikawashika na wale wawili, wakacheka mpaka Sadallah akakaa juu ya vitumbua. Radhi za mama, za dunia na akhera, zilikuwa njiani kuelekea visima vya gesi.

"Mama, sikiliza," Warda akasema, na kicheko cha mama yake kikakatika, kwa sababu sauti ile haikuwa ya mzaha. "Nimejificha hapa kwenye stoo ya mashuka. Wageni wanamalizia kupanda, ngazi haijainuliwa. Nimekaa na lile neno lako toka nyumbani. Silali, Mama. Mimi siwezi kwenda baharini na 'nenda' tupu. Ukisema nishuke, nashuka sasa hivi. Begi langu hata sijalifungua."

Hapo ndipo mchezo ulipokwisha. Kule majini alikuwa amesema yote, lakini alimsemea mtu aliyedhani ameshakwenda. Sasa mtu yupo, ngazi ipo, na neno moja tu lingemrudisha nyumbani kabla ya jua kuzama. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika ulimini. Shuka. Ni fupi, na hakuna mzazi ambaye angemlaumu. Warda angeshuka, angepata kazi hotelini, angeolewa labda Mohoro, wangemenya kamba pamoja, na kila siku ya maisha yake Mwanawetu angejua mwanawe yuko wapi.

Alitamani kulisema. Nisikufiche, alilitamani sana.

Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanalamba ukingo wa turubai. Tahiri aliona, akafungua mdomo, Sadallah akamfinya.

Kilichomzuia Mwanawetu kilikuwa kitu kidogo. Mtoto alikuwa anauliza. Badru hakuuliza mtu. Alisema bati, akaenda zake anacheka. Huyu yuko kwenye stoo ya mashuka, kazi yote aliyoisomea iko juu ya ngazi, na bado anauliza. Asiyetaka kurudi haombi ruhusa. Alikuwa amemhukumu mwanawe kwa kosa la mtu mwingine, na kosa lenyewe lina umri mkubwa kuliko mtoto.

"Warda."

"Naam, Mama."

"Usishuke."

Akasikia pumzi upande wa pili.

"Mimi ni mwoga, mama'angu," akasema. Sauti yake ya ng'ambo ya mto ilikuwa imekuwa ndogo, Tahiri hakuweza kuisikia. "Nilikuja huku nije nikupe radhi kwa mbali usinione. Nimezitoa, zimekwenda na meli ya watu. Sasa nakupa hapa hapa, sikioni mwako. Radhi zangu unazo zote. Babu yako aliniacha, wewe hujaniacha, nimeuona mpaka wa haya mawili. Kaa humo humo."

Warda alikuwa analia, anacheka, anasema "Ahsante Mama" na maneno mengine yaliyochukuliwa na upepo.

"Na usinitandikie vitanda tu mle ndani ukarudi bubu," mama yake akaendelea. "Uliza imejengwa wapi. Uliza injini zake. Uliza kabla ya hapa ilikuwa ya nani. Uje unisimulie, maana zangu mimi zote nimezisikia kwa watu."

"Nitauliza, Mama. Mama, ngoja, wanainua ngazi."

Sadallah akaonyesha kwa ishara kwamba simu iwekwe sauti kubwa. Mwanawetu akabonyeza, akainyanyua katikati yao. Maji yalikuwa yameshapanda juu ya turubai, birika linaelea, na hakuna aliyeligusa. Kutoka ndani ya kile kitochi ikaja sauti nzito, ndefu, ya honi, ikapiga, ikanyamaza, ikapiga tena. Hata Tahiri aliisikia.

"Mama, tunaondoka," akasema Warda.

"Naisikia, mwanangu," akasema Mwanawetu. "Naisikia."